Kimya cha Muuzaji

Mkulima wa Songea apelekapo mahindi yake kituoni kuyauza kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, hasadikiwi kwa neno lake tu. Gunia hutobolewa kwa bambo, punje za kiini zikatolewa pamoja na za juu. Huchekechwa, huchambuliwa, kisha hupimwa unyevu kwa chombo maalumu. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu mahindi yenye unyevu uzidio asilimia 13.5, na yakizidi hapo mwenyewe huambiwa ayarudishe juani. Huenda akanung'unika, lakini hasemi kwamba ametukanwa. Anajua kuwa mahindi mabichi yaliyofunikwa kwa makavu huvunda, na kwamba uvundo wa gunia moja huenea katika magunia ya watu wengine ghalani. Kwa hiyo anakubali kwamba mnunuzi ana haki ya kuingiza chuma mpaka katikati.

Mkulima huyo na achukuliwe kuwa mkazi wa Ruhuwiko, kata ya Manispaa ya Songea yenye uwanja wa ndege wa mji huo. Baada ya mavuno kadha wa kadha amejiwekea akiba, na sasa anataka gari: la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, la kubebea mbolea, na, kwa kuwa binadamu ni binadamu, la kuonwa nalo na majirani. Gari jipya kutoka kiwandani halimo hata katika ndoto zake. Atanunua lililokwisha kutumika, ama lililoagizwa Japani, likashushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa zaidi ya kilomita 900 hata Songea, ama gari la mkononi, yaani lililokwisha kumilikiwa hapa nchini na mtu mmoja au zaidi. Atatoa kwa siku moja jasho la miaka mingi. Na katika biashara hiyo, iliyo kubwa kuliko zote alizopata kufanya, yeye aliyezoea kutobolewa magunia yake hana bambo la kutobolea gari.

Atafanya wafanyavyo wengi. Atalizunguka gari mara mbili, atapiga tairi kwa ncha ya kiatu, ataomba injini iwashwe, na ataisikiliza kwa uso wa mtu aelewaye. Atatazama herufi za namba, maana watu wamezoea kukadiria umri wa gari kwa herufi hizo: namba D ni changa kuliko namba C, na E ni changa kuliko D. Herufi hiyo husema ni lini gari liliingia katika daftari la Tanzania. Juu ya maisha yake kabla ya siku hiyo haisemi neno. Dalali atamwambia, "Gari safi hili, mzee wangu, halijaguswa popote." Kuguswa, katika lugha ya soko la magari, ni kunyooshwa na kupigwa rangi baada ya ajali. Basi neno hilo la dalali ndilo zima la jambo linalochunguzwa hapa: ni nani ajuaye kama gari liliguswa, na ajuaye anawiwa nini na asiyejua?

Gari lenye bima kubwa lipatapo ajali, mkadiria hasara hutumwa kulitazama. Hulinganisha gharama ya kulitengeneza na thamani liliyokuwa nayo kabla ya ajali. Gharama ikiikaribia thamani hiyo, au ikiipita, kampuni ya bima huona ni nafuu kumlipa mwenye gari fedha zake na kulichukua gofu. Hapo gari limefutwa. Kwa hesabu za bima halipo tena duniani. Walakini chuma hakifi kwa hesabu. Kampuni huliuza gofu hilo ili kujirudishia sehemu ya hasara, na aliyelinunua hulikata vipuri au hulipeleka gereji. Fundi wa bodi hulinyoosha, hulichomelea, hulipiga puti na rangi, na baada ya majuma machache gari hurudi sokoni limefufuka, halina cheti cha kifo wala cha ufufuo.

Itakuwa ni haraka kuhukumu kwamba kila gari lililofutwa ni ovu. Mkadiria hakuulizwa kama gari litaua mtu. Aliulizwa kama kulitengeneza kutaigharimu kampuni kupita kiasi. Hukumu yake ni ya bei, na bei ni ya mahali. Saa moja ya fundi wa Birmingham au Nagoya ni ghali mno ikilinganishwa na saa moja ya fundi wa Songea, na gari kuukuu lenye thamani ndogo huweza kufutwa kule kwa sababu ya milango miwili, taa na boneti, vitu ambavyo hapa vingerudishwa kwa siku chache bila ya kumdhuru mtu. Waingereza wenyewe waliona upungufu huo. Madaraja yao ya zamani ya C na D yalitegemea zaidi hesabu ya gharama; tangu tarehe 1 Oktoba 2017 mahali pake yamewekwa S na N, S kwa gari lililoumia katika kiunzi chake na N kwa lililoumia kwingine. Juu ya hayo yamebaki A, gari la kusagwa lote, na B, ambalo vipuri vyake vyaweza kuuzwa lakini bodi lazima isagwe. Wajapani nao katika minada yao huandika karatasi kwa kila gari, yenye daraja na mchoro wa makovu. Lililotengenezwa katika kiunzi aghalabu hupewa herufi R, na mlango uliobadilishwa tu hauhesabiwi kuwa ni historia ya matengenezo. Mataifa haya mawili, yaliyo mbali sana kwa desturi, yamefikia shauri moja: jeraha la ngozi si jeraha la mfupa. Gari ambalo nguzo zake au sakafu yake iliwahi kukunjwa na kunyooshwa laweza kuonekana zima kwa miaka mingi. Siku ya ajali ya pili ndipo itakapojulikana kama chuma kile kitamkinga aliye ndani au kitamkunjia.

Elimu hiyo yote ipo basi, imeandikwa, tena kwa uangalifu. Ajabu ni jinsi ipoteavyo njiani. Marekani, ambako gari lililofutwa hupewa hati ya umiliki yenye alama, ilionekana baada ya tufani Katrina ya Agosti 2005 jinsi magari yaliyozama New Orleans yalivyokaushwa na kupelekwa katika majimbo mengine, yakapata hati mpya zisizo na alama. Wamarekani huliita tendo hilo kufua hati. Ikiwa alama hufutika kwa kuvuka mpaka wa jimbo, si ajabu ikifutika kwa kuvuka bahari. Kadi ya gari ya Tanzania huandika namba ya usajili na ya chasisi, aina, rangi, mwaka wa kutengenezwa, injini na jina la mwenyewe. Haina mstari wa ajali. Magari yaliyotumika hukaguliwa kwa kanuni za Shirika la Viwango Tanzania, lakini ukaguzi hutazama hali ya gari siku lilipokaguliwa. Kodi nayo hukadiriwa na Mamlaka ya Mapato kwa aina, umri na ukubwa wa injini, hata gari lenye mfupa uliovunjika likatozwa sawa na lenye mfupa mzima. Serikali haikukusudia hila kwa lolote la hayo. Kila ofisi iliuliza swali lake, na hili halikuwa swali la ofisi yoyote.

Kwa gari la mkononi mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Tanzania humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na watu wengi hukomea hapo, kwenye bima ndogo. Gari la namna hiyo likipinduka katika mteremko wa Lukumburu, hakuna kampuni itakayomlipa mwenyewe thamani ya gari lake, wala mkadiria atakayelifuta. Mwenyewe atalikokota mpaka gereji na kulifufua kwa mfuko wake. Basi hata kama lingekuwapo daftari la magari yote yaliyofutwa na bima, gari hilo lisingekuwamo. Mnunuzi ajifarijiye kwamba gari halikufutwa amejifariji kwa jambo dogo.

Hata hivyo mnunuzi si kipofu kabisa, na hapa ndipo lawama inapoanza kugawanyika. Kwa gari lililotoka Japani, namba ya chasisi yaweza kutumiwa kutafuta karatasi ya mnada, na wapo wafanyao kazi hiyo kwa malipo yaliyo madogo mno kando ya bei ya gari. Namba iliyogongwa katika chuma na ilingane na ile ya kadi, na chuma kinachoizunguka kisiwe na dalili ya tupa au kulehemu. Vioo vya gari huwa na chapa ya kiwanda. Kioo kimoja chenye chapa tofauti na vingine vyote chauliza swali, ijapokuwa jiwe la barabarani laweza kulijibu. Zulia la buti likiinuliwa, sakafu iliyo chini yake hueleza mengi, kwa sababu mafundi wengi huona taabu kupamba pasipoonekana: mkunjo usio wa kiwandani, mshono wa kulehemu uliopanda na kushuka, rangi iliyomwagika juu ya vumbi. Vichwa vya boliti za boneti na milango vikiwa vimechubuka, spana imepita hapo. Nafasi kati ya mlango na nguzo iwe sawa juu na chini. Mkanda na uvutwe mpaka mwisho, maana gari lililozama hukaushwa viti na kusafishwa mazulia, lakini tope hubaki katika sehemu ya mkanda isiyotoka mara kwa mara. Taa ya mifuko ya hewa iwake gari liwashwapo, kisha izimike. Isiyowaka kabisa yatisha kuliko isiyozimika, kwa kuwa huenda balbu imetolewa makusudi, na nyuma ya usukani hamna mfuko bali tundu lililofunikwa.

Kazi hiyo ni ya nusu siku kwa fundi asiye na undugu na muuzaji. Mnunuzi wa Ruhuwiko hawezi kudai kwamba haikuwezekana. Kwa nini basi wengi hawaifanyi? Husemwa kwamba ni ujinga, na kwa wengine ndivyo. Lakini wapo ambao hawaifanyi kwa sababu bei imewapendeza. Gari la shilingi milioni kumi na nne limetajwa kwa kumi na moja. Mtu ahisi kwamba milioni tatu zile zina sababu, na ahisi pia kwamba akiiuliza sababu atapata jibu. Fundi akiitwa ataliharibu jambo zuri. Hivyo fundi haitwi.

Suala la kusema na kunyamaza sokoni ni la kale kuliko gari na kuliko bima. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyefika Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa, naye ajua kwamba nyuma yake merikebu nyingine zimekwisha ng'oa nanga Alexandria na nafaka tele. Je, awaambie wenyeji, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili wa madhehebu ya Stoa walipingana juu ya mambo ya namna hiyo. Diogenes wa Babiloni alishikilia kwamba kutosema si kuficha. Muuzaji aziseme aibu zile ambazo sheria yamtaka aziseme, asidanganye, kisha anayo ruhusa ya kuuza, wala hakumshika mtu mkono kumlazimisha anunue. Mwanafunzi wake Antipater alikataa: watu wa jamii moja ni washirika, na ajuaye jambo ambalo mwenzake angenufaika kwa kulijua hana haki ya kumfungia. Cicero alimwelekea Antipater.

Hoja ya Diogenes si ya kudharauliwa, na anayeitupa haraka hajapata kuuza kitu. Mfano wa nafaka yenyewe humsaidia: mfanyabiashara wa Rhodes hakuficha aibu ya bidhaa yake, nafaka ilikuwa njema; alificha habari za merikebu za watu wengine. Ikiwa kila muuzaji atalazimika kutangaza kila ajualo, hakuna atakayejitaabisha kujua. Lakini gari lililonyooshwa mfupa si habari ya merikebu iliyo mbali. Aibu imo ndani ya kitu chenyewe kiuzwacho, na mnunuzi ataondoka nayo.

Wanazuoni wa dini zilizokaa Songea wamelitazama jambo hilo kwa karibu zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume Muhammad alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye chakula alijitetea kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua; alimwuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona, na akamtenga muuzaji adanganyaye na jamii ya waumini. Msomaji wa Songea aliyepata kuona bambo likizama katika gunia ataielewa habari hiyo bila ya mfasiri. Ajali ni mvua. Gari kugongwa si dhambi ya mtu auzaye, na kulitengeneza si dhambi, bali ni ufundi na baraka katika nchi maskini. Kosa linaanzia pale kilicholowa kiwekwapo chini na kikavu juu.

Mafundisho yaliyoenezwa na mapadri wa Peramiho, waliojenga misheni yao mwaka 1898, yana asili yake kwa Thomas Aquinas wa karne ya 13, ambaye naye aliliuliza swali hilo la muuzaji na kulijibu kwa mpaka ulio wazi. Aibu ionekanayo, kama farasi mwenye jicho moja, haimlazimu mwenyewe kuitangaza, mradi ameishusha bei kwa kadiri yake. Aibu iliyofichika, iletayo hatari au hasara kwa mnunuzi, yamlazimu. Kwa kipimo hicho mlango uliochubuka ni jicho la farasi. Mnunuzi analo lake la kuonea. Nguzo iliyochomelewa chini ya rangi ni hatari iliyofichika, na kushusha bei peke yake hakutoshi, kwa sababu mnunuzi hajui amepunguziwa kwa ajili ya nini na atampakia nani ndani.

Sheria ya nchi huenda polepole kuliko mafundisho hayo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, iliyotungwa kwa kufuata ile ya Wahindi ya mwaka 1872, haihesabu kimya kitupu kuwa ni udanganyifu, isipokuwa pale hali ya mambo inapomlazimu mtu kusema au pale kimya chenyewe kinapokuwa sawa na maneno. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, mrithi wa sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, humpa mnunuzi kinga kubwa zaidi anunuapo kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo kuliko anunuapo kwa jirani. Wasomao kanuni ya kimya hukimbilia sehemu yake ya kwanza na kuiacha ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito. Rangi ni maneno. Mtu aliyepaka puti juu ya mshono, akaisugua mpaka ikawa laini kama sakafu ya duka, kisha akaipiga rangi ya kiwandani, amekwisha kusema kwamba chini yake hamna kitu. Kufunga kwake mdomo baada ya hapo si kimya. Balbu iliyotolewa ili taa isimshtaki ni uongo uliokamilika, ijapokuwa haukutamkwa katika lugha yoyote.

Aliyeipiga rangi, hata hivyo, mara nyingi hayuko Songea. Naye huyu ndiye anayeifanya habari hii kuwa ngumu. Gofu liliuzwa na kampuni kwa uwazi, kama gofu. Fundi alilinyoosha, akaliuza kwa mfanyabiashara aliyejua nusu. Mfanyabiashara aliliuza kwa mtu aliyeambiwa robo. Huyo alilitumia mwaka mmoja, akalipeleka kwa dalali, na dalali, ambaye hakuambiwa lolote, anaapa mbele ya mkulima wa Ruhuwiko kwamba gari halijaguswa, na huenda anaapa kwa moyo mweupe. Kila mmoja alipunguza neno moja tu. Mwisho wa safari uongo umetimia, nao hauna mwongo aliye karibu wa kukamatwa.

Je, dalali huyo hana hatia? Ndivyo wengi wasemavyo: hakujua. Lakini kutojua kuna namna mbili, na wanazuoni wa Kanisa tangu zamani walizitenga. Iko hali ya mtu ambaye elimu haikumfikia ijapokuwa alifanya yampasayo. Huyo hana la kujibu. Iko na hali ya mtu aliyegeuza uso kusudi ili elimu isimfikie. Dalali auzaye magari hamsini kwa mwaka anajua zulia la buti lilipo. Hakuliinua, kwa kuwa akiliinua hataweza tena kuapa. Ujinga wake ni bidhaa aliyojinunulia, nao ni wa thamani kwake kuliko gari lenyewe, maana kwa huo ataweza kuuza lolote bila ya kusema uongo. Mtu wa namna hiyo huona kwamba yuko mbali na yule aliyepiga puti. Tofauti yao ni kwamba mwenye puti alifanya kazi.

Na kipimo kinachompima dalali hakiwezi kumwacha mnunuzi aliyeipenda bei akamwogopa fundi. Yeye ataitwa mdhulumiwa, na kwa upande mmoja ndivyo alivyo. Lakini leo ni mnunuzi, baada ya miaka mitatu ni muuzaji, na ule ujinga aliojitunzia siku ya kununua atautoa sandukuni siku ya kuuza.

Ingekuwa hasara ni ya wawili wale tu, mtu angeweza kusema waachwe, kila mmoja ana akili zake. Sheria ya bima hutaja mtu wa tatu, na neno hilo lafaa kukopwa. Mkulima wa Ruhuwiko hatalipanda gari peke yake. Atampakia mkewe aliye mjamzito, watoto wa jirani waendao shule, mama mzee wa Mbinga aliyeomba msaada kando ya barabara na gunia lake la kahawa. Atateremka nao Lukumburu katika ukungu, au vile vilima vya kuelekea Mbamba Bay, palipo na kona ambazo usukani uliopinda kidogo hauzisamehi. Hao hawakushiriki katika maafikiano ya bei. Hakuna aliyewapunguzia milioni tatu. Hoja ya Diogenes kwamba mnunuzi hakulazimishwa, hata ikikubaliwa kwa mnunuzi, haiwagusi hao hata kidogo, na ndiyo sababu yake kubwa ya kushindwa katika jambo hili. Nafaka ya Rhodes ilimwumiza aliyelipa. Gari humwumiza aliyeketi.

Kuna mwingine aumiaye ambaye hutajwa mara chache: muuzaji mwaminifu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alitoa makala juu ya soko la magari yaliyotumika, ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba pale muuzaji ajuapo na mnunuzi asipojua, mnunuzi hutoa bei ya wastani, bei ya shaka; mwenye gari zuri huona bei hiyo haimfai, akaliondoa gari lake; wanaobaki ni wenye mabaya, na wastani hushuka tena. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la magari methali hiyo haina nguvu. Kibaya kikipigwa rangi hujiuza vema, na mwalimu aliyelitunza gari lake miaka kumi, akabadilisha oili kwa tarehe na kuhifadhi kila risiti, hupunguziwa bei kwa ajili ya puti za watu asiowajua.

Limebaki swali la mtu ambaye amekwisha kununua, na hili ndilo litakalomfikia mtu wa kawaida mara nyingi kuliko mengine yote. Mkulima analiendesha gari lake mwaka wa pili. Siku moja fundi, akitafuta mahali maji yanapoingilia, anainua zulia la buti na kumwita: "Baba, njoo uone." Mshono unakwenda kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, gari ni nusu mbili zilizoungwa. Dalali amekwisha kuhamia mji mwingine, na aliyemwuzia dalali hajulikani. Ada za shule zinadaiwa. Mkulima hakudanganya mtu, hakupiga puti. Alilipa bei nzima na fedha zake hazirudi. Jirani yake, asiyejua lolote, amekuwa akilitamani gari lile tangu lilipoingia Ruhuwiko.

Ni dhuluma kwamba mtu wa kwanza kuijua kweli awe ndiye wa kuilipia. Waliotangulia walikula faida ya kutojua, na yeye, kwa kuinuliwa zulia, amepewa hasara yao yote kwa jumla. Anaweza kumtafuta dalali na kumshitaki, na akifaulu atakuwa amefanya lililo jema kwa wengi. Anaweza kuliuza gari vipande, injini kwa mmoja na milango kwa mwingine, kama Waingereza walifanyavyo gari la daraja B. Anaweza hata kumwuzia jirani, akiisha kumwonyesha mshono na kumwachia nafasi ya kuja na fundi wake, kwa bei itakayofuata hapo, ingawa gari lililoungwa namna ile ni vigumu kuona litamfaa jirani kwa kazi gani. Asiloweza ni kulirudisha zulia mahali pake akajiambia kwamba na yeye aliuziwa hivyo hivyo, kwa kuwa ameliona. Mikataba ya kuuziana magari aghalabu husema kwamba mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo kama lilivyo. Katika mkataba wake hapana budi paongezwe mstari mmoja, utajao mshono huo na mahali ulipo, kwa maneno ambayo jirani atayasoma kabla ya kutia sahihi. Mstari huo utamgharimu mamilioni, na hakuna ofisi itakayomrudishia.